Usukani wa Kushoto: Pikapu ya Babu na Mipaka ya West Nile

Babu yangu wa Koboko alikuwa na pikapu ya Peugeot 404 yenye usukani wa kushoto. Mafundi wa Arua walimshauri mara nyingi auhamishie kulia kama magari mengine ya Uganda, naye akakataa kila mara. Katika ukoo tulimwona mkaidi. Katika insha hii ninaeleza kwa nini nimebadili mawazo.

Uganda, kama Kenya na Tanzania, ilirithi kwa Waingereza desturi ya kuendesha upande wa kushoto wa barabara, ndiyo maana usukani huwekwa kulia. Kongo, iliyotawaliwa na Wabelgiji, huendesha kulia. Sudan ilifuata desturi ya Waingereza hadi 1973, ilipohamia kulia. Tangu hapo, dereva wa Koboko akivuka Oraba kuingia Kaya hubadili upande, na akivuka kuingia Kongo hubadili pia. Kwa hiyo usukani wa babu ni wa ajabu ukiutazama kutoka Kampala. Ukiutazama kutoka Koboko, ambako nchi tatu zinakutana, ni wa kawaida kwa majirani wawili.

Mipaka yenyewe si ya zamani sana. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold II eneo la Lado, ambamo nchi yetu ilikuwamo. Alipofariki 1909, eneo hilo liliingizwa Sudan mwaka uliofuata, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Wakakwa wakabaki katika nchi tatu, na Walugbara wakagawanyika kati ya Uganda na Kongo. Mtu angeweza kuishi chini ya tawala tatu bila kuhama kijiji.

Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, watu wa West Nile walihesabiwa kuwa watu wake. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivuka mpaka na kushambulia, na jeshi la serikali likalipiza kisasi kwa raia. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Babu alitembea kwa miguu hadi Zaire, akiwa amembeba baba yangu mgongoni. Huko alilima, akafanya biashara, na hatimaye akanunua pikapu hiyo.

Tuliporudi nyumbani, fundi alimweleza kwamba kuhamisha usukani si kuhamisha duara tu. Kungekuwa na kukata bati, kuhamisha pedali na dashibodi, na kutafuta mfumo mwingine wa usukani, kwa kuwa hata gia ya gari hilo iko kwenye shingo la usukani. Lakini babu hakuzungumzia gharama. Baba anakumbuka jibu lake: "Tulipokimbia, tulikimbilia upande wanaoendesha kulia. Liache lilivyo, mwanangu."

Hata hivyo, hoja ya mama yangu pia ni ya kweli. Dereva wa usukani wa kushoto hukaa karibu na mtaro. Akitaka kulipita lori kati ya Koboko na Arua, haoni kinachokuja mpaka gari lake liwe limeshaingia katikati ya barabara. Humtegemea tanboi aliyekaa kulia amwambie. Babu alipofariki, mama alitaka usukani uhamishwe au gari liuzwe, nami nilimuunga mkono.

Leo naona wote wawili walikuwa sahihi. Babu alichagua kwa ajili ya vita. Mama anachagua kwa ajili ya barabara. Na mambo yamegeuka: kuanzia 2013 waliokimbia kwa wingi ni watu wa Sudan Kusini, nao wamekimbilia kwetu.

Katika kikao cha ukoo nilisema haya, na baba mdogo, ambaye sasa ndiye dereva, akakata shauri. Usukani utabaki kushoto, lakini pikapu haitakwenda tena Arua. Itabeba mihogo kutoka shambani hadi sokoni Koboko.