Maudhi, Madhara na Dai la Fidia: Istilahi za Dawa za Sonona

Katika mazungumzo ya kila siku, lolote lisilotakiwa linaloletwa na dawa huitwa madhara. Mdomo ukikauka ni madhara, usingizi ukizidi ni madhara, na mtu akianza kuwaza kujiua, hayo nayo ni madhara. Neno moja limebebeshwa mambo ambayo daktari, mfamasia na hakimu huyapima tofauti, na mgonjwa ndiye anayeumia. Akiogopa kila kitu, ataacha dawa inayomfaa. Akizoea kila kitu, atanyamaza siku ambayo alipaswa kukimbilia hospitali, na baadaye kudai haki yake.

Shirika la Afya Duniani, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1972, linasema kwamba madhara ya dawa ni jambo lenye kudhuru, lisilokusudiwa, linalotokea dawa inapotumika kwa kipimo cha kawaida kwa ajili ya kinga, uchunguzi au tiba. Kila sehemu ya ufafanuzi huo ina kazi yake. Ni lazima kuwe na kudhurika, na kipimo kiwe cha kawaida. Aliyemeza vidonge vya wiki nzima kwa mkupuo hayumo humo, kwa kuwa huyo amezidisha dozi.

Pembeni yake kuna athari isiyokusudiwa, yaani jambo linalozuka kwa sababu ya namna dawa inavyofanya kazi mwilini, liwe baya au la. Amitriptilini huleta usingizi. Kwa anayekesha kwa sababu ya sonona, usingizi huo ni nafuu, lakini kwa anayeamka alfajiri kuswaga ng'ombe wa plau katika mashamba ya mahindi ya Ufipa, ni kero. Wahudumu wa uzazi wa mpango wana jina zuri la kero za namna hii: maudhi madogo madogo. Neno hilo lisiishie kwenye sindano na vidonge vya kupanga uzazi. Linafaa kila dawa, na kwa dawa za sonona linafaa zaidi.

Istilahi ya tatu ni tukio baya. Hili ni baya lolote linalompata mtu akiwa anatumia dawa, hata kama haijathibitika kwamba dawa ndiyo iliyolileta. Mgonjwa akianguka siku ya nne baada ya kuanza vidonge, hilo ni tukio baya. Litaitwa madhara ya dawa pale uchunguzi utakapoonyesha kwamba dawa inahusika.

Tuziweke istilahi hizi mahali pa watu. Tuseme mkulima wa Msanzi, wilayani Kalambo, amepewa rufaa hadi Sumbawanga, akaonekana ana sonona na akaandikiwa dawa. Amitriptilini na fluoksetini zote mbili zimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu ya Tanzania. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo, hutia ukungu machoni na huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi, kutotulia na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Maudhi haya hutangulia, ilhali nafuu ya sonona yenyewe huchukua wiki kadhaa kuonekana. Mkulima huyo akiambiwa tu kwamba dawa ina madhara, ataitupa kabla ya wiki kwisha. Akiambiwa ni maudhi gani atakayoyapata na kwamba mengi hupungua mwili unapozoea, atakuwa na sababu ya kuvumilia.

Madhara yapewe sauti nyingine kabisa. Kushindwa kukojoa, moyo kwenda mrama, kuanguka kifafa, au mawazo ya kujiua kuanza ama kuzidi, hayo si ya kuvumilia hata siku moja. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za sonona zibebe onyo zito kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Wakati wa kumwangalia mgonjwa kwa karibu ni wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa. Wa kuangalia ni jamaa wa nyumbani, kwa hiyo nao waambiwe.

Sasa tuje kwenye fidia. Kudhurika peke yake hakutoshi kushinda kesi. Katika madai ya uzembe, mdai huthibitisha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliukiuka, na kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara. Maudhi yaliyoelezwa mapema, mgonjwa akayakubali, hayana kesi. Hata madhara makubwa yanaweza yasiwe na wa kulaumiwa, iwapo kila mmoja alifanya lililompasa. Lakini mtoa huduma akimpa tramadoli, dawa ya maumivu, mtu anayemeza fluoksetini bila hata kumuuliza anatumia nini, ilhali inajulikana kwamba mchanganyiko huo huongeza hatari ya kifafa, hapo swali la uzembe limezaliwa. Vivyo hivyo kwa kutolewa dawa isiyo sahihi, na kwa onyo lililopaswa kutolewa likaachwa.

Kigumu zaidi ni kuthibitisha chanzo, kwa kuwa sonona yenyewe huweza kumfikisha mtu kwenye kujiua. Huko Chicago, mjane mmoja aliishtaki kampuni ya GlaxoSmithKline baada ya mumewe, aliyekuwa akitumia paroksetini, kujiua mwaka 2010. Mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola milioni 3. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliufuta ushindi huo, ikisema kwamba mamlaka ya dawa ilikuwa imeikatalia kampuni kuongeza onyo lililodaiwa. Kesi ilianguka kwa swali la nani angeweza kuandika onyo, na fidia ikaenda nalo.

Kwetu tatizo huanzia mapema zaidi, kwenye dirisha la dawa. Vidonge vinahesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, vinatiwa kwenye kifuko kidogo, na juu yake panaandikwa 1 x 1 usiku. Jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda vinabaki kwenye kopo. Karatasi ya maelezo inabaki kwenye boksi, tena mara nyingi ni ya Kiingereza. Mgonjwa anarudi Msanzi na dawa asiyoweza kuitambulisha mbele ya hakimu wala mbele ya daktari mwingine. Kifuko hicho kinapaswa kuandikwa jina kamili la dawa, nguvu yake na namba ya toleo. Kazi hiyo inataka kalamu na dakika moja.

Muda nao hausubiri. Kwa kawaida, dai la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Anayetaka kuishtaki hospitali ya Serikali hutanguliza notisi ya siku 90. Mabaraza ya kitaaluma, kama lile la madaktari na lile la famasi, hupokea malalamiko na kuwawajibisha wataalamu, ila fidia hutafutwa mahakamani. Asiye na uwezo wa wakili aulize msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu mwaka 2017.

Ipo pia njia isiyohitaji wakili. Tanzania imo katika mpango wa dunia wa kufuatilia usalama wa dawa tangu mwaka 1993, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa kupitia fomu ya njano inayopatikana vituoni. Fomu hiyo inahitaji mambo manne ya msingi: mgonjwa, mtoa taarifa, dawa inayoshukiwa na lililotokea. Mtoa taarifa hatakiwi kuthibitisha kitu, inatosha kushuku. Haileti fidia, lakini inaacha kumbukumbu yenye tarehe, na taarifa nyingi zikifanana ndipo onyo jipya huandikwa.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mdai wa leo atajieleza kwa maneno haya haya, na hakimu ataandika hukumu kwa maneno haya haya. Basi tuyatenge: maudhi kwa yanayovumilika, madhara kwa yanayodhuru, tukio baya kwa lisilothibitika bado.

Nawe unayetumia dawa ya sonona, usiikatishe ghafla, maana kuacha kwa mkupuo nako huleta dalili zake. Uliza jina la dawa yako na uliandike. Maudhi yakikusumbua, rudi ueleze. Madhara yakikupata wewe au mtu wa nyumbani kwako, nendeni kituoni siku hiyo hiyo, mhifadhi kifuko na cheti, na mwombe fomu ya njano ijazwe mbele yenu.