Habari za Stesheni ya Kinyangiri

Sisi tukaao Mitundu, kusini ya Itigi, twajua vema thamani ya gari la moshi. Hapo zamani mizigo ya bara ilichukuliwa vichwani mwa wapagazi, na safari ya pwani ilikuwa ya miezi. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ndipo Itigi ilipopata stesheni. Lakini Kilimatinde, mji wa boma la Wadachi, uliachwa kando. Tangu hapo tulijifunza ya kuwa reli huinua mji mmoja na kuushusha mwingine.

Hata katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, tawi likajengwa kutoka Manyoni kwenda Singida, likaishia Kinyangiri katika nchi ya Wanyiramba. Tumaini lilikuwa kubwa. Nchi ile ina wakulima na wafugaji, na Sekenke haiko mbali, machimbo yaliyotoa dhahabu ya sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916.

Lakini reli hula mizigo kama ng'ombe alavyo majani: pasipo malisho hukonda. Tawi hili lilizaliwa katika miaka ya dhiki, bei za mazao zilipoanguka duniani kote tangu 1929. Tena nchi yetu ni ya mvua haba. Mwaka wa ukame mkulima hana gunia la kupeleka stesheni. Basi katika miaka ya 1940 tawi likafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Twauliza: ni nani aliyepata hasara? Serikali iliandika hasara yake vitabuni. Lakini mtu aliyehamia karibu na njia, akalima shamba kubwa kuliko haja ya nyumba yake kwa kulitumainia gari, hasara yake haikuandikwa popote.

Mwishoni mwa karne ile reli ilijengwa tena kutoka Manyoni, ikafika Singida, ikakoma hapo. Kinyangiri haikurudishiwa stesheni yake.

Kwa hiyo, wazee wanaokumbuka na waulizwe sasa, na vijana waandike. Chuma hung'olewa kikapelekwa kwingine. Habari za watu, zisipoandikwa, hazipatikani tena.