Tairi za njia mbaya kwa pikipiki ndogo

Wakati wa masika, mwenye pikipiki ndogo apitaye barabara za udongo hutamani tairi zenye kashata kubwa. Kabla ya kununua, hana budi kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi.

Alama 3.00-17 47P, kwa mfano, ina maana ya upana wa inchi 3 na rimu ya inchi 17. Namba 47 huonyesha kuwa tairi hustahimili uzito usiozidi kilo 175, na herufi P mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Abebaye abiria au gunia asichague namba ya chini ya ile iliyoelekezwa na kiwanda.

Palipo na alama ya DOT, tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2423 ni wiki ya 24 ya mwaka 2023.

Tairi pana mno huweza kugusa mnyororo au madigadi. Rimu ya spoku ikipinda shimoni, fundi huweza kuinyoosha. Ya aluminiamu huweza kupasuka. Aidha, kashata kubwa hazishiki vyema lami iliyolowa, hivyo mwendo upunguzwe mapema.