Usukani wa kulia

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya rangi ya maziwa, ilikuwa ya babu. Ugonjwa wake ulikuwa huu: wauzungusha usukani, magurudumu bado yanafikiria. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako huwezi kwenda mbio hata ukitaka, ni kichekesho. Juu ya Daraja la Nyali, matatu imekubana ubavuni na lori la mbele limefunga breki, si kichekesho tena. Fundi alilipandisha jeki, akalishika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akalitikisa. Tairodi zimekwisha. Raki nayo imekwisha. "Usiliendeshe hili mpaka upate spea," akaniambia. "Na usiniletee feki."

Nilianzia Mwembe Tayari, na pale nilichekwa. Kijana wa kwanza aliniuliza kama nataka za Probox. Wa pili alisema, "Pijo? Hizo zilikufa, boss." Hawakosei sana. Mapema miaka ya 1990 milango ya magari yaliyotumika Japani ilipofunguliwa, kila gereji iligeuza rafu zake. Japani pia wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo gari lilishuka Kilindini likiwa tayari kwa barabara, na spea zake zikafuata kwa makontena. Nani angeendelea kuweka mtaji kwenye vyuma vya Kifaransa?

Lakini zamani Pijo ndiyo ilikuwa gari la Kenya. Mashindano ya Safari yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na 404 ikayashinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mengine yalibaki matopeni. Kisha 504 ikashinda 1975, na 504 Coupé ikashinda 1978. Mtu aliyeiona Pijo ikitoka kwenye tope lile hakuhitaji tangazo. Serikali iliwapa maofisa wake 504, na ile ndefu ya nyuma ikawa teksi ya masafa, watu wamebanana magoti kwa magoti.

Na haikuwa ikija imekamilika kutoka Ufaransa. 504 zetu ziliunganishwa hapa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, upande wa bara, kwenye njia ya Nairobi. Kazi hiyo iliendelea Kenya hadi 2004, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuitengeneza saluni yake. Nilipolijua hili nilifurahi sana, nikadhani nimefika. Gari limezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, itakosekanaje spea? Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya magari aliniweka sawa. Kuunganisha si kuunda. Vipande vilikuja masandukuni kwa meli, vikafungwa hapa, vikapakwa rangi hapa. Raki ilikuja imeshakatwa meno yake huko ilikotoka. Masanduku yalipokoma kuja, hakuna aliyebaki na mashine ya kukata nyingine.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu: raki imepatikana, imetoka Dubai, safi, haina hata kutu. Bei ilikuwa ya kuumiza ila nilikwenda na pesa mfukoni. Ilikuwa nzuri kweli. Niliitazama, nikaigeuza, nikahisi kuna jambo. Pale usukani unapoingia palikuwa upande usio wake.

"Ni ile ile," muuzaji akasema. "Utaigeuza tu."

Haigeuki. Ukiipindua raki ya gari la usukani wa kushoto ili uifunge kwenye gari la usukani wa kulia, utazungusha kulia na gari litakwenda kushoto. Nilirudisha pesa mfukoni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dunia iliyojaa 504 ni ndogo kwangu. Nigeria waliziunganisha Kaduna kwa miaka mingi, lakini Nigeria ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1972, kwa hiyo raki zao hazinifai. Za Ufaransa hazinifai. Za Misri na Morocco hazinifai. Zinazonifaa ni za Uingereza, Australia, Afrika Kusini, Zimbabwe. Yaani natafuta chuma cha Mfaransa kwa kufuata ramani ya Mwingereza.

Na upande huo wa barabara sisi hatukuuchagua. Nenda Marikiti utazame lile jengo. Wengi wetu tunalijua kwa bizari na maembe, na neno marikiti ni neno la Kiingereza la soko, limekaa midomoni mwetu mpaka likatulia. Lilijengwa 1914 likaitwa Soko la Mackinnon, kwa jina la William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland aliyeanzisha kampuni ya Imperial British East Africa. Kampuni hiyo mwaka 1890 ilianza kutandika reli nyembamba ya futi 2 ikinuia kufika ziwani. Haikufika popote. Reli zikang'olewa, zikalazwa kisiwani, na juu yake vikapita vigari vya benchi na kivuli, abiria amekaa, wanaume wanasukuma nyuma. (Ukiona leo mkokoteni unavyopenya Marikiti na magunia ya viazi, huna haja ya picha ya zamani.) Vigari vile havikuwa na usukani. Reli ndiyo iliyoamua uendako. Katika miaka ya 1920 magari ya injini yakavisukuma nje, na yakaja na kanuni ya Waingereza: gari kushoto, dereva kulia.

Neno lenyewe, lakini, ni letu na la Waarabu tangu kale. Sukani ni ya jahazi: ule ubao wa nyuma unaokata maji. Gari lilipokuja, watu wa Bandari ya Kale hawakuhangaika kutafuta jina.

Spea nilizipata nyuma ya Marikiti, dukani kwa mzee wa Kibohora anayeuza misumari, kufuli na minyororo. Sikuwa nimekwenda kwa ajili hiyo, nilitaka bolti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bolti za nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza, akapanda ngazi, akashuka na visanduku viwili vya karatasi vilivyoliwa na mende. Tairodi endi, ndani ya karatasi ya mafuta. Alinifundisha kuzijaribu: ishike, uisukume ile shingo kwa kidole gumba. Nzuri hukataa kidogo, kisha husogea polepole, bila mkwaruzo. Feki aidha inalegea kama jino bovu, aidha imekakamaa. Nilikuwa na moja ya feki mkobani, niliyouziwa wiki iliyotangulia. Aliishika mara moja tu, akanirudishia bila neno.

Raki hakuwa nayo. Ilitoka kwenye 504 iliyokufa upande wa bara, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Fundi aliikagua meno ya katikati kwanza, kwa sababu gari huenda moja kwa moja zaidi ya kukata kona, na katikati ndipo panapolika. Ukikaza raki iliyolika katikati, itanyooka barabarani na kukwama kwenye kona, na hiyo ni hatari kuliko ulegevu wenyewe. Hii ilikuwa nzima. Bushi ya mwisho tu ilikuwa imekufa, na mkerezaji akatukerezea nyingine ya shaba nyeusi, jioni moja, kwa mashine ambayo asubuhi yake ilikereza miguu ya kitanda.

Nimevuka Nyali mara tatu tangu hapo. Upande wa kushoto bado kuna mlio mdogo nikikata kona kali, fundi asema ni mpira wa raki, nao tunautafuta. Raki ya zamani amebaki nayo mkerezaji. Amesema meno ya pembeni bado mazima, huenda yakamfaa mtu.