Kodi ya mapato ikifutwa, nani atalipa Kericho na Bomet?

PENDEKEZO la kufuta kodi ya mapato na kuweka mahali pake kodi moja ya mauzo kwa nchi nzima ni tamu masikioni mwa kila anayekatwa PAYE mwisho wa mwezi. Mfanyakazi angepokea mshahara wake bila makato hayo, kampuni ingebaki na faida yake yote, nayo serikali ingechukua fungu lake dukani mtu anaponunua bidhaa.

Katika maeneo ya majanichai ya Kericho na Bomet, hata hivyo, hesabu hiyo ina sura nyingine. Huko wanaishi pamoja wachuma chai wasiolipa PAYE kwa sababu mshahara wao ni mdogo, wakulima wadogo wanaosubiri bonasi ya kila mwaka, na kampuni kubwa ambazo faida yake hutokana na chai inayouzwa ng'ambo. Kila kundi lingeguswa na mabadiliko hayo kwa namna yake, na ndiyo maana siasa yake si nyepesi.

Tofauti ya kodi hizi

Kodi ya mapato hutozwa mtu au kampuni kulingana na kile inachopata. Kwa viwango vilivyoanza kutumika nchini Julai 2023, mshahara wa hadi Sh24,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 10, na viwango hupanda hadi asilimia 35 kwa kiasi kinachozidi Sh800,000. Kila mfanyakazi hupata nafuu ya Sh2,400 kwa mwezi, hivyo anayelipwa Sh24,000 au chini ya hapo hana PAYE ya kulipa. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida.

Kodi ya mauzo haiulizi mnunuzi anapata kiasi gani. Hutozwa mara moja tu, bidhaa inapomfikia mtumiaji wa mwisho. Ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT, ni ndugu yake wa karibu: hukusanywa katika kila hatua ya biashara, na mfanyabiashara hurudishiwa alicholipa katika hatua iliyotangulia. Kiwango cha kawaida cha VAT nchini ni asilimia 16, ila kati ya Aprili na Desemba 2020 kilishushwa hadi asilimia 14 kutokana na janga la corona.

Wanaounga mkono kodi ya mauzo wana hoja nzito. Zaidi ya watu wanane kati ya kila 10 wanaofanya kazi nchini wako katika sekta isiyo rasmi, na mzigo wa PAYE huangukia wachache wenye hati za mishahara. Mfanyabiashara tajiri asiyetangaza mapato yake hawezi kukwepa kodi iliyo ndani ya bei ya gari, saruji au mafuta. Aidha, anayeweka akiba badala ya kutumia hatozwi kitu, jambo linalotazamiwa kuchochea uwekezaji.

Historia iliyosahaulika

Kenya imewahi kufanya mabadilishano ya aina hii, tena zaidi ya mara moja.

Serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya mapato mnamo 1921. Walowezi waliipinga vikali, na mwaka uliofuata ikafutwa. Pengo lake lilizibwa kwa kupandisha ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, ambao mwishowe hulipwa na mnunuzi. Waafrika, ambao tayari walikuwa wakilipa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, wakawa wanalipa pia kupitia nguo na bidhaa nyingine za madukani.

Katika kipindi hicho ndipo chai ya Kericho ilipoanza kushika mizizi. Mpango wa kuwapa makao wanajeshi wa Uingereza waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia ulikuwa umeporomoka, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeingia katika ardhi hiyo. Mashamba hayo yalipandwa katika nchi isiyokuwa na kodi ya mapato, ilhali kibarua aliyefyeka msitu na kuchuma majani hakusamehewa kodi ya nyumba yake.

Mnamo 1932, Lord Moyne, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza fedha za koloni hilo, alionyesha jinsi Waafrika walivyobeba mzigo mzito kuliko huduma walizopata. Tume ya Sir Alan Pim ilirejelea suala la kodi mnamo 1936, na kodi ya mapato ikarudi 1937. Tangu wakati huo haijaondoka.

Badiliko la pili lilifanyika baada ya uhuru, Mwai Kibaki akiwa Waziri wa Fedha. Kodi ya mauzo ilianzishwa mnamo 1973, na wakati huo huo kodi ya kichwa iliyopanda kulingana na kipato, iliyojulikana kama GPT, ikafutwa. Safari hii wananchi wengi wa kawaida walipumua. GPT ilichukiwa vijijini, kwani ilidaiwa mtu ana kwa ana na stakabadhi yake ikatakiwa kuonyeshwa, lakini kodi mpya ilijificha ndani ya bei ya bidhaa za viwandani. Kodi hiyo ya mauzo ilidumu hadi VAT ilipochukua nafasi yake mnamo Januari 1990.

Matukio hayo mawili yanafunza jambo moja: jina la kodi halitoshi kueleza kama ni ya haki. Mnamo 1922 aliyefunguliwa mzigo ni mwenye mapato makubwa. Mnamo 1973 waliofunguliwa ni pamoja na maskini wa kijijini.

Mchuma chai na meneja

Tuseme mchuma chai analipwa Sh20,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya sasa hana PAYE, ingawa hukatwa michango mingine kama ya bima ya afya ya jamii na nyumba za bei nafuu. Meneja katika shamba hilo hilo anayelipwa Sh200,000 hutozwa PAYE ya takriban Sh52,000 kabla ya kuhesabu nafuu nyingine za kisheria. Kodi ya mapato ikifutwa leo, meneja anaokoa kiasi hicho chote kila mwezi. Mchuma chai haokoi hata senti moja.

Swali linalofuata ni kiwango cha kodi mpya. Katika miaka ya karibuni, kodi ya mapato ya watu na kampuni imekuwa ikiletea Hazina karibu nusu ya mapato ya kawaida ya serikali, nayo VAT takriban robo. Ili kuziba pengo hilo kupitia mauzo pekee, makusanyo ya kodi ya bidhaa yangelazimika kukaribia mara tatu ya yale ya VAT. Hilo lina njia mbili: kupandisha kiwango kupita asilimia 40, au kutoza pia vyakula vilivyolindwa kwa miaka mingi, kama unga wa mahindi na mkate.

Kwa kiwango cha asilimia 40, bidhaa za Sh14,000 kabla ya kodi zingegharimu Sh19,600, yaani karibu mshahara mzima wa mchuma chai. Meneja akinunua bidhaa za Sh100,000 angelipa kodi ya Sh40,000, kiasi ambacho bado ni kidogo kuliko PAYE aliyosamehewa. Pesa atakazoweka benki au kununulia hisa hazingeguswa.

Mkulima, kiwanda na soko la nje

Wakulima wadogo hupeleka majani mabichi katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, vikiwemo Litein, Kapkatet, Momul na Tegat katika Kaunti ya Kericho, na Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek na Kapset katika Kaunti ya Bomet. Hulipwa kila mwezi kwa kilo, kisha bonasi mwisho wa mwaka wa chai. Bonasi ya 2025 ilizua malalamiko makubwa kwa kuwa viwanda vingi vya magharibi mwa Bonde la Ufa vililipa kiasi cha chini mno vikilinganishwa na vile vya mashariki.

Mapato ya kilimo yako chini ya sheria ya kodi ya mapato kama mapato mengine, lakini si rahisi kuyafuatilia kwa mkulima mwenye robo ekari ya chai. Kwa sababu hiyo, Mkakati wa Mapato wa Muda wa Kati uliotayarishwa na Hazina mnamo 2023 ulipendekeza kodi isiyozidi asilimia tano ikatwe mazao ya kilimo yanapouzwa. Kwa mkulima wa chai, ambaye malipo yake yote hupitia mkono mmoja, kodi hiyo ingekuwa rahisi mno kukatwa.

Huenda basi mkulima akadhani kufutwa kwa kodi ya mapato kungemkinga. Lakini naye ni mnunuzi, na mwenye bonasi ndogo huimaliza karibu yote kwa karo, chakula na pembejeo. Zaidi ya hayo, lori linalobeba majani kutoka kituo cha kununulia hadi kiwandani linatumia dizeli, na gharama ya uchukuzi hupunguza kinachobaki cha kugawiwa wakulima.

Hapa ndipo ilipo nukta nyeti zaidi. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya huuzwa ng'ambo kupitia mnada wa Mombasa. Chini ya VAT, bidhaa zinazouzwa nje hutozwa kiwango cha sifuri, na kodi ya mauzo kwa kawaida huziacha vivyo hivyo, kwani mtumiaji wa mwisho yuko nchi nyingine. Bila kodi ya mapato, faida ya kampuni kubwa za chai isingetozwa kama mapato wala chai yake isingetozwa kama mauzo. Mchango ambao ungebaki ni wa mfanyakazi wake anayenunua sukari dukani. Katika maeneo ambako jamii ya Wakipsigis bado inadai haki kwa ardhi iliyochukuliwa wakati wa ukoloni, kiongozi yeyote angepata taabu kutetea mpango huo.

Katiba yasemaje

Kisheria, mlango haujafungwa. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya kitaifa pekee uwezo wa kutoza kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Hakiilazimishi kutoza zote, na kinaruhusu Bunge kuidhinisha kodi nyingine. Hivyo, sheria ya kawaida ingetosha, na kwa kuwa ni mswada wa fedha, Bunge la Kitaifa lingeushughulikia bila Seneti.

Hata hivyo, Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na Kifungu cha 203 kinatengea kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Makusanyo yakishuka katika miaka ya mpito, hospitali na barabara za Kericho na Bomet zingehisi pigo hilo mapema.

Mizani ya siasa

Katika uchaguzi wa 2022, Kericho na Bomet zilimpa William Ruto zaidi ya asilimia 90 ya kura. Ngome ya namna hiyo humpa rais nafasi ya kupitisha mambo magumu, lakini matukio ya karibuni yanaonyesha kuwa kodi za bidhaa zina mpaka. Mnamo Septemba 2018, VAT ya mafuta ilipunguzwa hadi asilimia nane baada ya wananchi kulalamika; ilirudishwa kuwa asilimia 16 mnamo Julai 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka mkate utozwe VAT, pendekezo hilo liliondolewa, lakini hasira haikupoa. Juni 25, 2024, waandamanaji waliingia Bungeni huku wengine wakipigwa risasi na kuuawa, na siku iliyofuata Rais akatangaza kuwa hatautia saini mswada huo.

Kodi iliyojificha ndani ya bei mnamo 1973 haijifichi tena. Vijana walisoma vifungu vya mswada na kuvisambaza kwa simu, na serikali ikitaka kutoza unga kwa kiwango cha juu itakutana na kizazi hicho hicho.

Mfano wa nje

Nchini Marekani, mswada wa kufuta kodi ya mapato na kuweka kodi ya mauzo ya asilimia 23 ya bei ya mwisho, sawa na asilimia 30 juu ya bei kabla ya kodi, uliwasilishwa katika Baraza la Wawakilishi mnamo 1999 na mbunge John Linder. Umerudishwa mara nyingi bila kupitishwa. Mswada huo unapendekeza kila familia itumiwe pesa za kufidia kodi ya mahitaji ya msingi. Kenya, yenye mpango wa Inua Jamii na malipo ya simu, ingeweza kuiga hilo, lakini kila shilingi ya fidia ingeongeza kiwango kinachohitajika.

Oman nayo, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea mafuta bila kutoza watu kodi ya mapato, ilianzisha VAT ya asilimia tano mnamo 2021. Mnamo 2025 ilitangaza sheria ya kodi ya mapato kwa wenye kipato kikubwa, itakayoanza 2028.

Yanayoweza kutokea

Uwezekano wa Kenya kufuta kabisa kodi ya mapato ni mdogo mno. Kinachowezekana ni kuisogeza mizani polepole. Mkakati wa Hazina wa 2023 uliweka mezani wazo la kushusha kodi ya faida ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25, na la kupandisha VAT hadi asilimia 18, kiwango kinachotumika Uganda na Tanzania. Mabadiliko kama hayo hayahitaji kauli mbiu wala kura ya maoni. Hupita kifungu baada ya kifungu katika miswada ya fedha ya kila mwaka.

Kwa mpiga kura wa Kericho na Bomet, la kutazamwa katika kila mswada ni mambo mawili: nani anapunguziwa, na bidhaa gani inaongezewa. Faida ya anayeuza chai ng'ambo ikipunguziwa mwaka ambao unga na mafuta vinaongezewa, mabadilishano ya 1922 yatakuwa yamerudi, hata kama hakuna aliyeyataja kwa jina.