Michezo ilipofungwa shuleni, msaka vipaji alikosa pa kusimama

Juni 2025 mji wa Iringa ulijaa watoto waliovaa traksuti. Mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yalikuwa yamepelekwa huko, na katika baridi ile ya Juni ambayo wenyeji wameizoea, vijana wa mikoa ya joto walicheza huku meno yakigongana. Hotuba zilitolewa, nyimbo zikaimbwa. Pembeni ya viwanja walisimama watu ambao hawakuwa na haja na hotuba: makocha wa klabu, mawakala na walimu wa akademi, kila mmoja na daftari au simu yake, wamekuja kusaka.

Kwa wakazi wa Iringa wenye umri wa kukumbuka, mashindano hayo kuchezwa kwao kulikuwa na uzito wa pekee. Waziri aliyeisimamisha michezo hiyo nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa mtoto wa mkoa huohuo, Mbunge wa Mufindi, marehemu Joseph Mungai. Hadi leo, ukitaka kuwagawa watu wa rika hilo katika baraza la kahawa Mafinga au kijiwe cha Mwanjelwa jijini Mbeya, litaje jina lake na neno michezo katika sentensi moja.

Mengi yaliyomo humu nimeyapata kwa mwalimu mstaafu wa michezo aliyefundisha pande zote mbili, Mbeya na Iringa. Hataki jina lake litajwe, kwa kuwa baadhi ya aliowapigia kelele uwanjani sasa ni wakubwa serikalini. Kwake, historia ya kusaka vipaji Nyanda za Juu Kusini ni historia ya viwanja vya shule. Klabu zilikuja baadaye kuvuna. Nimejaribu kutafuta hoja ya kumpinga, na mpaka sasa sijaipata.

Mwanzo wenyewe unajulikana. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na michezo ya shule ikapangwa kwa ngazi: shule, wilaya, mkoa, kanda, taifa. Wazee bado wanaiita ile ya msingi UMISHUMTA, jina la kabla taaluma haijaongezwa. Katika kanda, Mbeya na Iringa walikuwa watani na mahasimu, na safari ya zaidi ya kilomita 300 kwenye barabara ya TANZAM, mara nyingi juu ya lori, ilikuwa sehemu ya mashindano. Iyunga na Sangu upande wa Mbeya, Malangali, Tosamaganga na Ifunda upande wa Iringa: kila shule ilikuwa na uwanja wake, na mwalimu aliyepewa kazi ya michezo aliifanya kama kazi, wala hakuichukulia kuwa adhabu.

Namna kijana alivyoonekana inastahili kuelezwa, maana wengi wanadhani msaka vipaji ni mgeni anayeteremka kutoka Dar es Salaam na kunyoosha kidole. Kwa maelezo ya mwalimu wangu, msaka vipaji wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliwaona watoto wakicheza chandimu wakati wa mapumziko, akamwona mmoja anayeinua kichwa kabla mpira haujamfikia. Jina likaandikwa. Alipofaulu kwenda sekondari, mwalimu huyo alimwambia mwenzake wa sekondari, kwa barua au kwa mdomo, kwamba kuna kijana anakuja. Timu ya wilaya ilipoundwa, walimu wawili watatu walikaa usiku darasani, wachezaji wakiwa wamelala magodoro chini chumba cha pili, wakabishana nani abaki na nani arudi kwao. Ubishi huo wa usiku ndio uliokuwa mchujo wenyewe. Kufikia ngazi ya kanda, mtu wa klabu aliyesimama nyuma ya goli alikuwa anatazama kazi iliyokwisha kufanywa na walimu sita au saba kabla yake.

Na alitazama nini? Mabao aliyaacha kwa mashabiki. Aliangalia kijana anafanya nini baada ya kupoteza mpira. Aliangalia mguu wa pili. Aliangalia dakika kumi za mwisho, maana katika miinuko hii mtoto wa Makete au Rungwe anakimbia hadi filimbi ya mwisho wakati wenzake wameshika viuno. Kisha alimfuata mwalimu kuuliza habari za nyumbani: baba ni nani, mtoto ana nidhamu, mtihani atafanya lini. Kazi ilikuwa chambo kikubwa. Timu kama Prisons ya Mbeya na Mecco hazikumpa kijana mpira peke yake. Zilikuwa na ajira nyuma yake, na mzazi wa Kinyakyusa au wa Kihehe aliyekataa mwanawe acheze mpira aliukubali mshahara.

Tukuyu Stars inasimulia habari hiyo vizuri kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1986 timu ya mji mdogo wa wilayani Rungwe, katikati ya migomba na chai, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza wa ligi hiyo. Majina ya Godwin Aswile na Asanga Aswile bado yanatajwa Tukuyu kana kwamba walicheza jana. Mabingwa hawakudumu, vigogo wa Dar es Salaam wakaja kuchukua waliowataka, lakini nchi nzima ilikuwa imeona kwamba wilaya moja ya wakulima ingeweza kutoa kikosi kizima.

Kulikuwa na uchafu pia, na mwalimu wangu haufichi. Mamluki walikuwepo tangu zamani: kijana wa mtaani anavalishwa sare ya shule wiki moja kabla ya mashindano, anakariri jina la mkuu wa shule na la mwalimu wa hisabati, na picha yake inagongwa mhuri kwenye fomu. Timu pinzani nayo inamwita pembeni na kumwomba ataje namba yake ya mtihani. Vijeba walikuwa ugonjwa mwingine: mtu mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi akicheza na watoto wa darasa la saba. Gharama yake iliwahi kulifikia taifa. Timu yetu ya vijana chini ya miaka 17 ilipofuzu fainali za Afrika za mwaka 2005, iliondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji, na tukasubiri hadi mwaka 2017 kule Gabon kuingia kwa mara ya kwanza.

Katika hali hiyo ndipo ikaja amri ya kusimamisha.

Mungai alipewa Wizara ya Elimu na Utamaduni katika kipindi cha pili cha Rais Benjamin Mkapa. Hakuwa mgeni katika uongozi. Aliwahi kuwa waziri wa kilimo enzi za Mwalimu Nyerere, na Mufindi walimjua kama mtu anayependa shule kuliko kitu kingine. Hoja zake hazikuwa za kijinga, na ni haki zielezwe zilivyo. Watoto walikuwa wakitolewa madarasani kwa wiki nyingi, ngazi baada ya ngazi. Mashindano yaliendeshwa kwa michango, na mchango ulikuwa mojawapo ya visingizio vya kumrudisha mtoto maskini nyumbani. Serikali ilikuwa inafuta ada ya shule za msingi na kuanza mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, mwaka 2002, ikitaka kila mtoto aingie darasani na kila shilingi ijenge chumba. Ukimweka waziri mbele ya hesabu hiyo, lori la kupeleka timu ya netiboli Songea linaonekana anasa.

Wapinzani wake walikuwa wengi na walikuwa na jazba. Mwalimu wangu anakumbuka mabishano makali ofisi ya walimu: wa taaluma upande mmoja, wa michezo upande wa pili, na mkuu wa shule katikati akiomba waraka usomwe tena. Wa michezo walisema michango ingeweza kufutwa na michezo ikabaki kwenye bajeti. Walisema mtoto aliyekuwa akibaki shuleni kwa ajili ya mpira sasa angetoroka. Wa taaluma walijibu kwa matokeo ya mitihani. Jambo ambalo hakuna upande uliolisema wakati ule, na ambalo mwalimu anasema alilitambua baada ya miaka, ni kwamba walikuwa wanakata mnyororo wa macho. Mwalimu wa msingi hakuwa tena na sababu ya kuandika jina. Wa sekondari hakuwa na wa kumpokea. Mtu wa klabu akasafiri hadi Mbeya na kukuta ndondo za mtaani, ambako mwenye nguvu ndiye anayeonekana na mtoto wa miaka 14 hapewi jezi.

Mimi nasema wazi: uamuzi ule ulikuwa kosa kubwa, hata kama aliyeufanya alikuwa na nia njema. Ulihukumu mchezo kwa makosa ya usimamizi. Na ulimwumiza zaidi kijana wa mbali. Dar es Salaam walikuwa na pa kukimbilia. Makongo Sekondari, chini ya Kanali Idd Kipingu, iliendelea kuwa kiwanda cha wachezaji, na golikipa Juma Kaseja ni zao la hapo. Mtoto wa Mdabulo au Kyela hakuwa na Makongo yake.

Serikali ya Awamu ya Nne, iliyoingia Desemba 2005, iliirudisha michezo shuleni. Mungai mwenyewe alihamishiwa Kilimo, kisha Mambo ya Ndani, na alifariki Novemba 2016. Mashindano yakarudi, lakini walimu wa zamani walikuwa wamestaafu, viwanja kadhaa vilikwisha kumegwa kwa ujenzi wa madarasa, na madaftari ya majina hayakuwa na mtu wa kuyarithi.

Nyanda za Juu Kusini hazikulala moja kwa moja. Mbeya City, iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji mwaka 2011, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza ya tatu chini ya Juma Mwambusi, Uwanja wa Sokoine ukifurika. Muda si mrefu Deus Kaseke akaenda Yanga, na Mwambusi naye akafuata. Lipuli ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 mjini Lindi, ikafungwa na Azam bao moja, na mwaka uliofuata ikashuka daraja. Kwa wasichana, Ceasiaa Queens imeiweka Iringa kwenye ligi kuu ya wanawake. Mikoa nayo imegawanyika: Njombe ilijitenga na Iringa mwaka 2012, Songwe na Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo ile timu ya mkoa iliyochuja vijana kutoka Tunduma hadi Kyela haipo tena.

Wamarekani wana namna yao ya kuwasaka vijana shuleni, katika besiboli. Tangu mwaka 1965 klabu za kulipwa huchagua vijana kwa zamu kila mwaka, na kabla ya siku hiyo wasaka vipaji huzunguka viwanja vya sekondari msimu mzima wakipima kasi ya mpira kwa mashine na mbio kwa saa, wakiandika ripoti juu ya ripoti kuhusu kijana mmoja. Ken Griffey Jr. alichaguliwa wa kwanza mwaka 1987 akitokea sekondari. Hapa kwetu mchezo huo bado mchanga, uwanja wake unaojulikana zaidi ukiwa ule wa Azania Sekondari uliojengwa kwa msaada wa Japani. Waganda wametutangulia: David Matoma ni kijana wa kwao aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates. Mwalimu wangu hajali sana besiboli. Aliponisikiliza aliuliza jambo moja, ripoti hizo zinahifadhiwa wapi.

Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu Iringa ya 2025. Wasaka vipaji walikuja, baadhi ya vijana wataondoka na mikataba, na shule zilizowalea hazitaandikwa popote. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa waliomfundisha mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada hiyo, na kila mwaka kuanzia 16 una asilimia 0.5. Kijana aliyelelewa sehemu moja tangu miaka 14 hadi 17, yaani kidato cha kwanza hadi cha nne, akiuzwa nje kwa shilingi bilioni 1, waliomlea wanastahili milioni 15. Lakini fedha hizo hulipwa klabu ambayo mchezaji alisajiliwa kwayo kwenye shirikisho. Fountain Gate ya Dodoma, ambayo wasichana wake walitwaa ubingwa wa shule za Afrika mjini Durban mwaka 2023, inaunganisha shule na klabu chini ya jina moja. Malangali, Iyunga na nyingine za serikali hazina mpango wa namna hiyo, na maofisa michezo wa Mbeya na Iringa wanaweza kuanza na daftari la majina ya vijana waliocheza Juni ile, kabla hawajamaliza kidato cha nne na kutawanyika.