Tuliiga Makisio, Tukaiacha Maabara

Juni ya mwaka mmoja nilikwenda Kisesa kwa ajili ya Bulabo, sherehe za ngoma za Wasukuma zinazofanyika Bujora. Jioni, watu walipokuwa wakitawanyika, nilisimama kwenye duka la dawa kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Mbele yangu alikuwapo mama wa makamo aliyekuwa akikohoa kwa taabu. Akamwambia muuzaji, binti mdogo kwake kwa umri, “Mwanangu, nipe rangi mbili za elfu moja.” Binti akamjibu kwa adabu, “Mayu, hizo hazifiki nusu ya dozi.” Yule mama akasema, “Najua, mwanangu. Nyingine nitazifuata nikishauza dagaa.” Akapokea vidonge vyake ndani ya bahasha ndogo, akaenda zake.

Nimelikumbuka tukio hilo kila ninapohudhuria semina kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kuwa semina hizo huishia karibu zote kwa pendekezo moja, yaani wananchi wapewe elimu. Mama yule alikuwa na elimu hiyo. Alijua kuna dozi, na alijua kwamba hakuimaliza. Alichokosa ni fedha. Lakini palikuwa na upungufu mwingine mkubwa zaidi, ambao haukuwa wake peke yake. Si yeye, si muuzaji, wala si mganga wa zahanati ambayo angeweza kwenda, aliyekuwa na njia ya kujua kama vidonge vile viliweza kumuua mdudu aliyekuwa kifuani mwake. Upungufu huo una historia, na sehemu muhimu ya historia hiyo iliandikwa hapa hapa Mwanza.

Tuanze mbali kidogo. Alexander Fleming aliigundua penisilini London mwaka 1928, lakini ni kundi la Howard Florey na Ernst Chain huko Oxford lililoigeuza kuwa dawa. Mgonjwa wao wa kwanza alichomwa sindano Februari 1941. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba wiki chache kabla ya sindano hiyo, Desemba 1940, Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wamekwisha kuchapisha taarifa kwamba baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Maana yake ni kwamba usugu ulijulikana kabla dawa yenyewe haijaanza kutibu watu. Fleming naye, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dozi pungufu huwafundisha vimelea kuistahimili dawa. Kwa hiyo hakuna kizazi cha watawala au wataalamu kinachoweza kusema kwamba hakikuonywa.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza yalionyesha kwamba kifua kikuu, kilichokuwa kikitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, kingeweza kutibiwa kwa miezi sita iwapo rifampisini ingekuwamo katika mseto wa dawa. Swali lililobaki lilikuwa la kisiasa na kiutawala: nchi maskini ingewezaje kuitumia dawa ya gharama kubwa hivyo bila kuiharibu? Jibu lilitolewa na Tanzania. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977 kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, ulimtaka mgonjwa ameze rifampisini mbele ya macho ya mhudumu. Makohozi yalipimwa kwa darubini wilayani, kabla na wakati wa tiba, na kila mgonjwa aliandikwa kwenye daftari hadi mwisho wa safari yake. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo na kuueneza ulimwenguni.

Naomba tuzingatie kilichofanya mfumo ule usimame. Dawa ilikuwa nzuri, ni kweli, lakini haikuachwa iende peke yake. Iliandamana na darubini, daftari na mtu wa kufuatilia.

Dawa nyingine zilisafiri bila wasindikizaji hao. Mpango wa dawa muhimu, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Denmark, ulipeleka makasha ya dawa hadi zahanati za vijijini, na uliokoa maisha ya wengi katika miaka ambayo nchi haikuwa na fedha za kigeni. Mwaka 1991 tiba binafsi ya biashara, iliyokuwa imepigwa marufuku mwaka 1977, iliruhusiwa tena. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za serikali. Mgonjwa aliyeambiwa alipie alianza kuhesabu, na mara nyingi hesabu ilimpeleka kwenye duka la dawa baridi, ambalo lilikuwa karibu, halikuwa na foleni na lilikubali kuuza vidonge vinne. Tangu mwaka 2003, kuanzia mkoa wa Ruvuma, serikali ilijaribu kuyarekebisha maduka hayo kwa kuwafundisha wauzaji na kuyapa jina jipya la Duka la Dawa Muhimu. Yalikuwa mageuzi ya maana. Adabu na ujuzi wa yule binti wa Kisesa ni matunda yake. Hata hivyo, mafunzo hayawezi kumpa muuzaji taarifa ambayo nchi yenyewe haijaikusanya.

Hapo ndipo ninapofika Mwanza, na jaribio ambalo kila mwanafunzi wa afya ya jamii hulisoma, ingawa wengi hulisoma nusu.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London walizichukua jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza na kuzigawa katika jozi sita. Katika nusu ya jamii hizo waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyokuwapo tayari. Wahudumu walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili: mgonjwa mwenye usaha hupewa dawa za kisonono na maradhi yanayoandamana nacho, bila kusubiri kipimo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40 katika jamii zilizopata huduma hiyo. Ulimwengu ulishangilia. Tiba ya kufuata dalili, ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiipendekeza, ikapata ushahidi wake mkubwa kutoka kando ya Ziwa Viktoria.

Ni kweli kwamba majaribio ya baadaye nchini Uganda, huko Rakai na Masaka, hayakupata punguzo kama hilo la VVU, na mjadala wa sababu zake ulikuwa mrefu. Si hoja yangu leo. Hoja yangu ni orodha ya mambo yaliyofanywa katika jaribio la Mwanza. Mafunzo yalikuwamo. Ugavi wa dawa usiokatika ulikuwamo. Usimamizi wa mara kwa mara ulikuwamo. Na jambo ambalo husahauliwa: mjini Mwanza ilianzishwa kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa pamoja na maabara yake.

Maabara hiyo haikuwa pambo. Vimelea vya kisonono vilivyokusanywa Mwanza mwaka 1992 na 1993 vilioteshwa na kupimwa dhidi ya dawa mbalimbali, na watafiti wakaona kwa macho yao usugu wa hali ya juu dhidi ya tetrasaiklini ukichomoza. Usugu huo ulibebwa na plasmidi, vipande vidogo vya urithi ambavyo bakteria mmoja huweza kumkabidhi mwenzake kama jirani anavyompa jirani kaa la moto. Kwa lugha nyingine, mganga wa zahanati ya kijijini alikuwa akikisia, lakini nyuma ya makisio yake palikuwapo mtu mjini aliyekuwa akiyakagua na ambaye angeweza kusema: dawa hii inaanza kushindwa, tubadilishe.

Tulipoyachukua mafunzo ya Mwanza na kuyaingiza katika miongozo ya nchi nzima, tuliyachukua makisio na kuiacha maabara. Chati ya dalili ni karatasi, na karatasi hunakiliwa kwa gharama ndogo. Maabara ya kuotesha vimelea inahitaji umeme usiokatika, vitendanishi, jokofu, fundi mwenye ujuzi na bajeti ya kila mwaka. Tulichagua kilicho rahisi, kisha tukajisahaulisha kwamba tulichagua.

Gharama ya uchaguzi huo imeandikwa. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002. Miongoni mwa waliokuwa na bakteria wa kundi liitwalo Gram-hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki. Kwa wenye malaria, ugonjwa tuliozoea kuuogopa kuliko mwingine wowote, vifo vilikuwa asilimia 20.2. Usugu wa bakteria dhidi ya dawa walizopewa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria kifo. Mwaka 2009 wataalamu wa Bugando walichapisha matokeo yao wenyewe: kati ya bakteria aina ya Klebsiella waliopatikana hospitalini hapo, asilimia 64 walikuwa na vimeng'enya vinavyoharibu hata dawa za kizazi cha tatu, zile ambazo daktari huzitumia baada ya dawa za kawaida kushindwa.

Malaria nayo ina somo. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoingia katika zahanati zetu, matumizi ya dawa za malaria kwa wasio na malaria yalipungua. Tafiti zilizofanywa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, zilionyesha kwamba wagonjwa wengi waliobainika hawana malaria waliishia kupewa antibayotiki. Mhudumu hakufanya hivyo kwa uzembe. Mbele yake alikuwapo mtoto mwenye homa, kipimo kimoja kilikuwa kimesema hapana, na kipimo cha pili hakikuwapo.

Kisesa yenyewe inaonyesha vizuri tulipofika na tulipokwama. Tangu mwaka 1994 kata hiyo ya wilaya ya Magu imekuwa chini ya utafiti wa muda mrefu kuhusu VVU. Kaya zimehesabiwa, vizazi na vifo vimeandikwa, na wafiwa wamehojiwa kuhusu dalili za marehemu. Kazi hiyo imetupa maarifa ambayo nchi nyingi hazina. Lakini mahojiano na wafiwa yanaweza kumwambia mtafiti kwamba marehemu alikuwa na homa na kikohozi. Hayawezi kumwambia ni kimelea gani kilichomuua, wala ni dawa ipi iliyoshindwa.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni dawa mpya. Zinahitajika, sina ubishi. Kwa upande wa kisonono, dawa iitwayo zoliflodasini ilijaribiwa Ubelgiji, Uholanzi, Afrika Kusini, Thailand na Marekani, na matokeo mazuri yalitangazwa mwaka 2023. Itakapofika kwetu, itakuta nini? Tukiipeleka dukani na zahanatini kama tulivyozipeleka tetrasaiklini na penisilini, bila mtu wa kuikagua, tutakuwa tumewapa vimelea mwanafunzi mwingine wa kumfundisha adabu. Dawa mpya isiyo na maabara ni mkopo usio na mhasibu.

Wapo pia watakaosema kwamba wafadhili watajenga maabara. Serikali ya Uingereza, kupitia Mfuko wa Fleming, ilisaidia maabara za ufuatiliaji wa usugu katika nchi nyingi, yetu ikiwamo. Mwaka 2025 ilitangaza kuusitisha mfuko huo. Siwalaumu, fedha zilikuwa zao. Najiuliza tu kwa nini jambo linalogusa uhai wa kila mtoto anayezaliwa Magu, Sengerema au Ukerewe liendelee kutegemea kikao cha bajeti cha nchi nyingine.

Nchi yetu ina mpango kazi wa kitaifa wa kupambana na usugu: wa kwanza wa 2017 hadi 2022, wa pili wa 2023 hadi 2028. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii anaweza kuanza na swali dogo: katika bajeti ya halmashauri yake, uoteshaji wa vimelea una kifungu chake chenye fedha za ndani, au umefichwa ndani ya neno “vifaa tiba”? Mwanaharakati anaweza kudai kwamba matokeo ya Bugando na hospitali nyingine yafupishwe katika ukurasa mmoja kila mwaka na kubandikwa katika kila zahanati na kila Duka la Dawa Muhimu, yakieleza ni dawa zipi bado zinafanya kazi katika eneo hilo. Nanyi wanafunzi wangu, mtakapoandika tena kwamba tatizo ni uelewa mdogo wa wananchi, kwanza nionyesheni ni taarifa gani mwananchi huyo alipewa akaipuuza.

Mama wa Kisesa aliondoka na vidonge vyake, na sikupata kujua kama alizifuata zile nyingine. Ninachojua ni kwamba hata kama angekuwa na fedha za dozi nzima, sisi sote pale dukani tungebaki tunakisia. Miaka thelathini iliyopita, kilomita takriban ishirini kutoka pale, palikuwapo maabara iliyokuwa ikiyakagua makisio kama hayo. Si ndoto ya nchi tajiri. Tuliwahi kufanya hivyo wenyewe, na dunia ikaja kujifunza kwetu.